Paka Niliyempokea Ana Mimba: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki Hapa Kisumu

Ninaishi Migosi, Kisumu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipokea paka wenye mimba waliookotwa sokoni na mitaani. Ninawalea hadi wazae, watoto waachishwe ziwa, kila mmoja apate kwake. Maswali haya hunijia kwa simu, mengi yake saa tano usiku, kutoka kwa watu waliopokea paka wao wa kwanza. Nimeanza na mepesi, magumu yako mbele. Kama paka wako anasukuma sasa hivi, nenda swali la 14.

## Je, ni mimba kweli?

1. Nitajuaje kuwa ni mimba, si minyoo?

Angalia chuchu kwanza, tumbo baadaye. Kufikia wiki ya tatu hivi, chuchu huvimba kidogo na kuwa za rangi ya waridi, na manyoya yanayozizunguka hupungua. Kwa paka wa mimba ya kwanza hilo huonekana wazi. Aliyewahi kunyonyesha atakudanganya, maana chuchu zake ni kubwa tangu zamani. Tumbo lenyewe hujitokeza karibu wiki ya tano, na ukimtazama kutoka juu anafanana na kibuyu.

Minyoo nayo hufurisha tumbo, ila paka huyo utamwona mbavu zinahesabika, mgongo umechongoka, tumbo limejaa kama mpira. Wengi wa paka wa mitaani wana vyote viwili. Usilibonyeze tumbo kutafuta watoto. Mwachie daktari wa mifugo. Picha ya mawimbi ya sauti huonyesha mimba mapema. Eksirei husaidia baada ya siku ya 45, mifupa ya watoto ikishakomaa, na hapo daktari anaweza kuwahesabu. Idadi hiyo ina thamani kubwa usiku wa kuzaa, kama utakavyoona swali la 13.

2. Mimba ya paka huchukua muda gani?

Wastani ni siku 63 hadi 65, na siku chache huku au kule si ajabu. Shida yetu sisi tunaopokea paka wa watu ni kwamba hatujui alipandwa lini. Basi hesabu kwa dalili: ukiona watoto wakichezacheza ubavuni paka akiwa amelala, uko kwenye wiki mbili au tatu za mwisho. Andika tarehe uliyompokea na tarehe ya kila dalili mpya. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha.

3. Kwani paka hawana msimu? Mbona hapa wana mimba kila mwezi?

Mwili wa paka jike huongozwa na urefu wa mchana. Ulaya, siku zikifupika wakati wa baridi, wengi hupumzika. Sisi ikweta inapita hapo Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili Januari hadi Disemba. Mwili wa paka wa mtaa wetu wa Kondele hauna wa kuuambia upumzike.

4. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti?

Ndiyo. Paka huachilia mayai baada ya kupandwa, na akipandwa na madume wawili watatu katika kipindi hicho hicho cha kutaka dume, kila mmoja anaweza kuacha mtoto. Usimshangae wa chungwa kando ya wa kijivu.

## Siku za kungoja

5. Nimlishe nini? Omena inatosha?

Omena, dagaa wetu wa ziwani, ni chakula kizuri na hapa ni rahisi kupata, lakini peke yake haitoshi, na namna unavyoitayarisha ni muhimu. Loweka, osha mara tatu hadi mchanga uishe, kisha chemsha bila chumvi, bila kitunguu, bila Royco. Kitunguu na saumu huharibu damu ya paka. Samaki mbichi wasiwe mazoea, kwa kuwa baadhi yao wana kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini mwa paka, moto hukiondoa. Ukinunua mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishakatwa, chemsha, nyofoa minofu, tupa mifupa.

Changanya na nyama: moyo wa ng'ombe, matumbo ya kuku yaliyochemshwa vizuri, ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki. Ugali hujaza tumbo tu, na paka mwenye mimba hana nafasi ya kupoteza, kwani watoto wanalibana tumbo la chakula. Kama mfuko unaruhusu, nunua chakula cha dukani cha watoto wa paka, kile cha kopo au cha punje, umpe mama mwenyewe. Kina protini na kalsiamu anayohitaji. Gawanya mlo mara nne au tano kwa siku. Mwisho wa mimba atakula karibu mara moja na nusu ya kawaida yake, na akinyonyesha atakula mara mbili, tatu, hata zaidi. Mimi huacha sahani wazi.

Usimpe vidonge vya kalsiamu kabla hajazaa, hata ukishauriwa na mtu mwenye nia njema. Sababu iko swali la 21.

6. Na maziwa ya ng'ombe?

Hapana. Paka wengi wakubwa huharisha. Maji safi, basi.

7. Nimtengenezee wapi pa kuzalia?

Katoni ya mafuta ya kupikia inatosha: kata mlango upande mmoja, uache kizingiti cha sentimita kumi hivi ili mama apite na watoto wasitoke. Tandika magazeti chini, juu yake taulo kuukuu. Taulo za mitumba za soko la Kibuye ni bei ya chini, na utazitupa bila kujuta. Epuka vitambaa vyenye nyuzi zilizolegea, hunasa miguu ya watoto. Weka katoni pembe yenye giza na kimya, mbali na jiko na mlango wa mbele, wiki mbili kabla.

Halafu jiandae kudharauliwa. Mama Mboga, paka wa mabaka matatu niliyempata chini ya kibanda cha sukuma pale Kibuye, aliikagua katoni yangu siku kumi na mbili, akalala ndani mara tatu, na siku yenyewe akaingia chini ya kitanda ndani ya begi la safari. Nililitandika begi.

8. Naweza kumpa dawa ya minyoo, viroboto au chanjo?

Mpeleke kwa daktari na useme wazi kwamba ana mimba, kwa kuwa si kila dawa humfaa. Kuna dawa za minyoo zilizo salama kwake, na inafaa azipate, maana minyoo hupita kwenye maziwa hadi kwa watoto. Chanjo zenye virusi hai huahirishwa hadi azae, kwani zinaweza kuwadhuru watoto tumboni.

Viroboto ndiyo habari yenyewe. Huku kwetu kila mtu ana ng'ombe au shangazi mwenye ng'ombe, na katika kila boma kuna chupa ya dawa ya kuogeshea. Usiguse. Dawa ya kupe wa ng'ombe na dawa nyingi za viroboto vya mbwa huua paka. Ukisoma kibandiko ukaona neno permethrin au amitraz, irudishe rafuni, hata kama muuzaji wa agroveti anakuambia utaipunguza kwa maji. Tumia kitana chenye meno ya karibukaribu, chovya viroboto kwenye bakuli la maji ya sabuni, fua matandiko kila siku mbili. Kazi inachosha, lakini inafaa kuifanya kabla watoto hawajafika, maana mtoto mwenye uzito wa gramu mia akinyonywa na viroboto anaishiwa damu.

Mengine ya kuweka mbali: paracetamol, ambayo humuua paka hata ikiwa kidogo, dawa za kusafishia zinazogeuza maji kuwa meupe, na sumu ya panya, yako au ya jirani.

9. Anajificha, hataki niguse. Nimemkosea nini?

Hujamkosea. Paka aliyefukuzwa na mawe sokoni haamini mtu kwa siku tatu. Mpe chumba kimoja, chakula, karai la mchanga au machujo ya mbao, na mahali pa kujificha. Keti chini usome kitu, usimtazame machoni. Atakuja akitaka. Asipokuja kabisa, hilo pia ni sawa. Atazaa hata bila kukupenda, na wewe utaangalia kwa mbali.

## Dalili kwamba siku imekaribia

10. Tumbo limeshuka. Ni leo?

Pengine kesho, pengine wiki ijayo. Tumbo kushuka na kuwa kama peasi hutokea siku kadhaa kabla. Matiti yakijaa na tone la maziwa likatoka ukigusa kidogo, mara nyingi imebaki siku moja au mbili, ingawa wengine hutoa maziwa siku ile ile. Dalili ninazoziamini zaidi ni za tabia: anakataa chakula alichokipigania jana, anakuna matandiko kwa miguu, anajilamba nyuma bila kukoma, anaingia na kutoka kwenye karai la mchanga bila kufanya lolote. Aliyekuwa mkali anakuja kukulilia. Aliyekuwa mpole anatoweka.

11. Nimpime joto?

Akikubali, pima mara mbili kwa siku kuanzia wiki ya mwisho, kwa kipimajoto cha kidijitali kilichopakwa mafuta, njia ya haja kubwa, na kiwe cha paka pekee. Kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likishuka chini ya 37.8, mara nyingi atazaa ndani ya saa 24. Mara nyingi, si kila mara. Akipigana, achana nalo. Hofu anayoipata ni hasara kuliko namba utakayoipata.

12. Siku zimepita na hajazaa.

Zimepita kwa hesabu ya nani? Tuseme jirani alikwambia "ni kama miezi miwili sasa". Hiyo ni hesabu ya jirani. Kama anakula, anatembea, watoto wanacheza na hakuna uchafu unaotoka nyuma, ngoja. Lakini ukiwa na tarehe ya kweli na umefika siku ya 70, au ameacha kula na amelegea, au kuna majimaji ya kijani au yenye harufu, usingoje. Nenda.

Na jambo moja la kuchekesha: kuna mimba ya uongo. Paka aliyeachilia mayai bila kushika mimba anaweza kuvimba chuchu na kutengeneza kiota, kisha wiki kadhaa baadaye yote yakaisha. Rafiki yangu wa Nakuru alingoja miezi mitatu.

## Usiku wenyewe

13. Uzazi unaendaje, na mimi nifanye nini?

Kwanza huja uchungu usioonekana. Saa sita, kumi na mbili, hata ishirini na nne za kuhangaika, kuhema, kukuna, kulia. Kisha utaona tumbo linakaza kwa mawimbi, mfuko wa maji unatokeza, mtoto anafuata. Kutangulia kichwa au miguu ya nyuma, yote ni kawaida kwa paka. Mama anapasua mfuko, anamlamba mtoto hadi alie, anatafuna kitovu. Mwingine hufuata baada ya dakika kumi hadi saa moja. Wastani ni watoto watatu hadi watano.

Kazi yako ni kuketi na kuandika saa. Usiite watoto wa mtaa waje kuona. Usiwashe taa kali. Usimbebe, usimsogeze.

Na akipumzika katikati? Hapo ndipo simu zinapoanza. Paka anaweza kuzaa wawili watatu, akasimama kwa saa nyingi, kisha akaendelea, na yote yawe salama. Tofauti iko kwa anachofanya wakati huo. Anayelala, kunyonyesha, kunywa maji, anapumzika. Anayesukuma bila matokeo yuko taabani.

Usiku wa Mama Mboga stima ilipotea saa tatu. Niliketi sakafuni, tochi ya simu nimeifunika kwa leso. Wa kwanza saa nne kasoro dakika kumi, wa pili saa nne na robo, wa tatu saa tano na nusu, wa nne saa saba kamili. Halafu kimya. Eksirei ilikuwa imeonyesha watano. Nilimpigia daktari, akauliza: anasukuma? La, amelala, wanne wananyonya, amekula omena kidogo. Akasema ngoja, niite akibadilika. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, muezini alikuwa ameshamaliza kitambo, begi likatikisika mara mbili na wa tano akatoka akipiga kelele kuliko ndugu zake. Mama mkwe wangu aliwapa majina ya Kijaluo kama ilivyo desturi ya watoto kuitwa kwa saa waliyozaliwa: wanne wote wakawa Otieno na Atieno, wa usiku, na huyo wa asubuhi Akinyi.

14. Ni lini niache kungoja nikimbilie daktari?

Ukiona mojawapo ya haya, hakuna cha kungoja:

- anasukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 na hakuna mtoto;
- mtoto ameonekana nusu na amekwama kwa dakika 10;
- zimepita saa mbili au tatu tangu mtoto wa mwisho, bado wamo, na mama anahangaika au amechoka kabisa;
- damu nyekundu inatiririka, si matone;
- majimaji ya kijani kibichi yametoka na mtoto wa kwanza hafuati;
- mama amelegea, amepoa, au anatapika mfululizo.

Usimvute mtoto aliyekwama kwa nguvu. Na tafadhali, kuna sindano ya kuongeza uchungu ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua. Mtu atakupa ushauri umchome "kidogo tu". Kama mtoto amekaa vibaya na njia imefungwa, sindano hiyo inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Ni ya daktari aliyempima.

15. Mtoto ametoka na mama hamgusi. Hapumui.

Mpe mama dakika moja. Asipopasua mfuko, upasue wewe kwa vidole safi, kuanzia usoni. Pangusa mdomo na pua, mshike kichwa kikiwa chini kidogo, msugue mgongo na kifua kwa taulo kavu, kwa bidii kuliko unavyodhani inafaa. Usimrushe wala kumzungusha hewani kama wafanyavyo wengine. Ubongo wake ni laini. Endelea dakika kumi, hata kumi na tano. Wengi hurudi.

Kitovu kikihitaji kukatwa, funga kwa uzi safi sentimita mbili au tatu kutoka tumboni, kata upande wa mbali, gusa kwa iodini. Akishalia, mrudishe kwa mama.

16. Anakula kondo. Nimzuie?

Mwache. Ni silika yake. Akila yote anaweza kuharisha kesho, si neno. Wewe hesabu: kila mtoto ana kondo lake, na likibaki ndani huleta ugonjwa. Ukikosa hesabu, kama nilivyokosa mimi gizani, mwambie daktari na uangalie homa na harufu mbaya.

17. Ni usiku na daktari hashiki simu.

Swali hili hujibiwa wiki mbili kabla. Nilijifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na namba moja tu, ya kliniki iliyokuwa na bango la kuhudumia saa 24. Nilipiga mara sita kuanzia saa nane usiku. Hakuna aliyeshika. Kulipopambazuka nikapata daktari mwingine, akamfanyia upasuaji. Mama alipona, watoto wawili walikuwa wameshakufa.

Tangu hapo nina namba tatu ukutani. Madaktari wengi wa upande huu kazi yao kubwa ni ng'ombe na kuku, kwa hiyo mchana, ukiwa umetulia, muulize kila mmoja: unamfanyia paka upasuaji wa kuzaa? Hata usiku? Ni pesa ngapi? Uliza pia kama amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Hakuna daktari wa kweli anayekasirishwa na swali hilo. Weka akiba kwenye M-Pesa na uijue namba ya mtu wa tuktuk. Bodaboda na paka mwenye uchungu ndani ya kikapu, nimejaribu, sirudii.

## Wiki za kwanza

18. Nitajuaje kama watoto wanashiba?

Mizani ya jikoni, ile ndogo ya kupimia unga. Mtoto huzaliwa na gramu 90 hadi 110 hivi na huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Pima saa ile ile kila siku, andika. Siku ya kwanza anaweza kubaki pale pale. Akipungua siku ya pili, mshike karibu na chuchu za nyuma ambazo huwa na maziwa mengi. Hakikisha kila mmoja amepata dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, katika saa 12 za mwanzo, maana humo ndimo kinga ya mama ilimo.

Mtoto aliyepoa usimlishe. Mpashe joto kwanza, polepole, kifuani kwako chini ya nguo. Tumbo lililopoa halisagi maziwa.

19. Baridi ya Nakuru na joto la Kisumu, tofauti ipo?

Ipo sana. Wiki ya kwanza watoto hawawezi kujipasha joto. Kiota kinahitaji nyuzi 29 hadi 32 hivi. Nakuru usiku wa Julai weka chupa ya soda yenye maji moto ndani ya soksi nene, upande mmoja tu wa katoni, ili wanaoona joto wasogee. Kisumu mwezi wa pili tatizo ni kinyume chake: chini ya mabati mchana, watoto wanahema na kutawanyika. Hamishia katoni sakafuni kwenye saruji na ufungue dirisha. Wakilala kwa rundo wanaona baridi, wakijitandaza kila mmoja na pembe yake wanaona joto.

20. Mama anawahamisha watoto kila siku. Mwingine amemla mmoja!

Kuhamisha ni ishara kwamba kuna kinachomtisha: wageni, mbwa, harufu, siafu. Ondoa kinachomtisha, usimrudishe kwa nguvu.

Siafu niwataje, kwani majira ya mvua huku kwetu wameua watoto wengi kuliko madume. Simamisha katoni juu ya stuli ndogo, kila mguu ndani ya kopo la maji yenye mafuta taa kidogo juu, na utengeneze ukingo mrefu ili mtoto asianguke. Usimwage dawa ya wadudu karibu na kiota.

Mama kumla mtoto kunaumiza kuona. Mara nyingi mtoto alikuwa ameshakufa au ni mgonjwa, na mama anasafisha kiota. Hajawa muuaji. Akiwashambulia watoto wenye afya, hilo ni jambo la daktari.

21. Mama anatetemeka na anatembea kama miguu ni ya mbao.

Nenda kwa daktari sasa. Kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya maziwa, hasa kwenye wiki nne za mwanzo na kwa mama mwenye watoto wengi. Akichelewa atapata kifafa na kufa. Akidungwa kalsiamu kwa uangalifu hupona upesi. Watoto walishwe maziwa ya unga ya watoto wa paka kwa siku hiyo. Vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba huongeza hatari hii, kwani mwili huzoea kupewa na kusahau kujitolea kutoka kwenye mifupa.

Titi moja likiwa gumu, la moto, jekundu, hilo ni tatizo jingine, lakini safari ni ile ile.

## Mambo ya pembeni

22. Mimi mwenyewe nina mimba. Nimrudishe paka?

Si lazima. Hofu ni toksoplasma, kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi cha paka na kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kinyesi huchukua angalau siku moja kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo karai likimwagwa kila siku, na mtu mwingine, hatari hupungua sana. Kama hakuna mwingine, vaa glavu na unawe. Mboga zisizooshwa na nyama isiyoiva vizuri nazo huambukiza watu wengi, ila hakuna anayeambiwa arudishe sukuma wiki sokoni. Mweleze muuguzi wa kliniki ya wajawazito kwamba unaishi na paka.

23. Keateka, msimamizi wa nyumba ninayopanga, hataki paka.

Mwambie kabla hajasikia vilio. Mwonyeshe kadi ya chanjo, karai lisilonuka, na tarehe watakayoondoka. Wangu alilainika siku alipogundua panya wa stoo yake wamehama.

24. Si afadhali afungwe uzazi sasa hivi, kabla hajazaa?

Upasuaji huo unawezekana na madaktari huufanya. Mimba huishia hapo. Kama mimba ni changa na mama ni mdogo au dhaifu, mimi naunga mkono. Siku za mwisho, siungi. Lakini wewe ni mlezi wa muda: uamuzi ni wa aliyekukabidhi paka pamoja na daktari. Uliza mapema, siku ile ile unapompokea.

25. Watoto waondoke lini, na mama?

Chakula laini kuanzia wiki ya nne, dawa ya minyoo hata kabla ya hapo kwa maelekezo ya daktari, chanjo za kwanza wiki ya sita hadi ya nane. Wasiondoke kabla ya wiki nane. Mimi huwaachia hadi kumi, maana mafunzo ya kutouma na kutokwaruza hutolewa na mama. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa karibu miezi mitatu. Kenya imejiwekea mwaka wa 2030 wa kumaliza vifo vya watu kwa ugonjwa huo, na paka nao huupata.

Mama anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha, wiki chache tu baada ya kuzaa. Funga mlango. Dirisha pia. Watoto wakishaacha ziwa na maziwa yamekauka, mpeleke afungwe uzazi. Watoto nao wasicheleweshwe: jike wa miezi minne anaweza kushika mimba, na hata ndugu yake wa kiume hatamwacha. Akinyi alifungwa akiwa na miezi minne na nusu, akakaa siku kumi na soksi ya mtoto iliyokatwa matundu manne ya miguu, ili asilambe mshono.